Neno Lisiloandikwa Sofani

Kamma Ørum alikiri kosa moja tu, na halikuwa lile alilokamatiwa.

"Wivu nilikuwa nao," alisema. "Andika hivyo hivyo. Lakini kumpasua mtu kichwa kwa kikaango, mimi? Mwenzangu, hata kuku sijawahi kumchinja."

Inspekta Rigmor Damsgaard hakuandika. Alikisogeza kikombe cha kahawa karibu na mikono ya yule mama, maana kilikuwa kimepoa bila kuguswa, akamwacha aseme. Kamma alikuwa msusi mstaafu wa Hjørring, mjane, nywele fupi za rangi ya shaba, na ulimi usiojua kupumzika. Tangu jana ulimi huo haukuwa umemfaa kitu. Jumapili ya Pentekoste, asubuhi, Mnorwei aitwaye Torgeir Haugland alikutwa sakafuni katika nyumba ya mapumziko ya Kamma, kule kwenye vilima vya mchanga nje ya Hirtshals. Kikaango cha chuma kilikuwa ubavuni pake. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa aliona mlango wazi akachungulia, na ndivyo habari ilivyofika kituoni. Sasa Torgeir alikuwa hospitali hajitambui, na Kamma alikuwa na miadi na hakimu saa nane mchana. Hakimu ndiye angesema alale kwake au alale rumande.

"Simu ya Torgeir ina barua pepe yako," Rigmor alisema.

"Ina barua pepe yenye jina langu."

"Nikusomee tena?"

"Nisomee. Nimeanza kuipenda."

Rigmor alisoma polepole. "'Torgeir, ni mimi Kamma. Nimefungua anwani mpya, maana watu wa Sofani wamezidi umbea. Njoo Jumapili kwenye nyumba ya mchangani, nitakuandalia frokost. Usimwambie mtu. Birika wako.'"

"Birika wako," Kamma alirudia, akabinua mdomo. "Miaka sita nimeandika kule mtandaoni, sijawahi kuwa birika la mtu."

"Nyumba haikuvunjwa. Aliyeingia alijua ufunguo uko chini ya chungu cha buluu."

"Chungu hicho nimekitaja Sofani mara chungu nzima. Nasahau vitu, watu wananicheka, basi tunacheka wote. Norwei nzima inajua ufunguo wangu ulipo, na nusu ya Uswidi."

"Jana saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani kwangu. Peke yangu, tangu marehemu aondoke. Ningejua nitahitaji shahidi ningemtafuta mapema."

Sofa ya Jikoni lilikuwa baraza la mtandaoni ambalo Rigmor hakuwahi kulisikia hadi jana. Wadenishi, Wanorwei na Waswidi wachache walikaa humo kutwa kucha, kila mmoja akiandika lugha ya kwao na wote wakielewana, kama majirani wanaosemezana juu ya ua. Hawakuzungumza lolote la maana. Walizungumza mvua, paka, magoti, bei ya siagi na namna ya kuondoa doa la kahawa kwenye kitambaa cha meza. Kamma alijiita Birika. Torgeir, mtengeneza piano kutoka Arendal, alijiita Mvua Tena. Kwa miaka sita wawili hao walisalimiana kila asubuhi mbele ya kadamnasi, na hawakuwahi kuonana kwa macho.

Hata hivyo, wivu uliingia, kwa sababu wivu hauna haja ya kitanda. Majira ya baridi yaliyopita alijiunga Mswidi mmoja aliyejiita Kipepeo, na Rigmor alikuwa na kurasa zao mezani.

Mvua Tena: *Leo mvua. Jana mvua. Goti linasema kesho pia.*

Birika: *Hilo goti liajiriwe na idara ya hali ya hewa, litatudanganya kwa bei nafuu.*

Kipepeo: *Pole na goti, Mvua. Nina mafuta mazuri ya kuchua. Nikutumie?*

Birika: *Mgeni, hapa hatutumiani mafuta. Hapa tunatumiana pole.*

Mvua Tena: *Birika, mwache. Mafuta nayataka.*

Baada ya hapo Birika alikaa kimya siku kadhaa, kisha akarudi na maneno makali. Alimwita Kipepeo mpaka mafuta. Alimwambia Mvua Tena kwamba mtu anayechuliwa goti na kila mpita njia mwisho hulikosa goti lenyewe.

"Hilo la mwisho linasomeka vibaya," Rigmor alisema.

"Linasomeka vibaya kwa sababu niliandika vibaya. Nilikuwa nimekasirika, sikujali." Kamma aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Unajua ni nini kukaa na mtu kila asubuhi, mnazungumza mkate tu, halafu anakuja mwingine na mafuta yake? Nilijiona mjinga. Umri huu. Lakini wivu wangu ulikuwa wa kuandika, si wa kupiga."

Korido ya kituo ilikuwa tupu kwa ajili ya sikukuu. Mkuu wa upelelezi, Fjeldsted, alikuwa amesimama karibu na mashine ya kahawa na koti lake la kuendea kwa wakwe. Alikuwa mtu wa haraka, na kesi aliipenda iishe kabla keki haijakatwa.

"Amekiri?"

"Amekiri wivu."

"Basi amekiri. Nyumba yake, kikaango chake, barua yenye jina lake, mwanamume aliyemwacha akamfuata Mswidi. Unataka nini zaidi, Rigmor, picha ya arusi?"

"Mswidi nimempigia Umeå. Jana saa hiyo alikuwa kanisani akiimba kwaya, na kwaya nzima ilimwona."

"Mimi sikumshuku Mswidi. Namshuku huyo uliyemwacha mle ndani na kahawa yetu."

"Tazama meza." Rigmor alimpa picha iliyopigwa ndani ya ile nyumba. "Nimeitazama tangu jana na kuna kitu kinanikera."

Fjeldsted aliitazama. Vikombe viwili vya kahawa. Mayai mawili ya kuchemsha katika vikombe vyake vidogo, yamevalishwa vikofia vya sufu yasipoe. Mkate mweupe, siagi, jamu, kipande cha jibini ya kahawia.

"Meza ya kula. Nini cha ajabu?"

"Wewe ukimwalika mgeni frokost, utamwekea nini?"

"Mlo wa mchana? Samaki wa siki," Fjeldsted alijibu bila kufikiri. "Mkate mweusi. Kipande cha nyama ya nguruwe. Na kitu kikali cha kuteremshia, lazima."

"Umeona samaki?"

"Mgeni alifika mapema. Alitoka kwenye feri ya usiku, hana pa kwenda, akaenda moja kwa moja. Mama akampa alichokuwa nacho." Fjeldsted alimrudishia picha. "Usinitafutie samaki, Rigmor. Saa nane hakimu anamtaka. Ukiniletea jambo la kushikika kabla ya hapo, nitalishika."

Aliondoka, na harufu ya marashi yake ikabaki. Rigmor alirudi mezani kwake akafungua Sofa ya Jikoni. Alikuwa amesoma kurasa nyingi usiku uliopita, akitafuta vitisho, matusi, mapenzi. Sasa hakutafuta chochote cha namna hiyo. Palikuwa na kisanduku cha kutafutia maneno. Aliandika neno moja, frokost, akangoja.

Hakikuja kitu.

Alidhani amekosea herufi. Aliandika upya, akapata jibu lile lile. Alijaribu mkate, yakamwagika maelfu. Mayai, vivyo hivyo. Siagi ilikuwa na mjadala wake peke yake, mrefu kama Agano la Kale. Watu hawa walieleza kila tonge lililopita kooni mwao, wengi wao Wadenishi, na hakuna hata mmoja aliyelitaja neno ambalo Mdenishi hulitaja kila siku ya Mungu. Badala yake, alipotazama vizuri, aliona maneno mawili ya ajabu yakirudiarudia: mlo wa jua na mlo wa saa sita. Usiku aliyasoma akayaona ni mbwembwe za watu wasio na kazi. Mtu huona neno lililopo, lisilokuwepo halimwashii taa.

Alirudi chumba cha mahojiano bila kuketi.

"Kamma, kwa nini Sofani hamwandiki frokost?"

Kamma aliinua uso, na kitu kama kicheko kikampita. "Ee. Hilo umeliona?"

"Nimeona halipo."

"Ni marufuku. Nilipiga marufuku mimi mwenyewe, zamani, kabla hajaja huyo mpaka mafuta." Alivuta kiti. "Tulikuwa na Mdenishi mmoja na Mnorwei mmoja, wanawake watu wazima. Wakapatana wakutane Gothenburg, katikati, wale frokost pamoja. Sasa wewe unajua, kwetu frokost ni chakula cha mchana."

"Na kwa Wanorwei?"

"Kifungua kinywa. Neno moja, herufi zile zile, matumbo mbalimbali. Yule Mnorwei akaja asubuhi, akakaa, akasusa, akaondoka. Yule wetu akaja saa sita na maua, akangoja mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Hawakusemezana mwaka mzima, na baraza likagawanyika, hawa upande huu, wale upande ule. Nikasema basi, neno hili limetosha. Anayeliandika anatuma picha ya nyayo zake, mbele ya watu wote. Tulifuta na ugomvi wenyewe."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

"Iandikwe vipi, bibi wee, bila kulitaja? Wazee wa Sofani tunaijua. Wageni wanaambiwa pembeni siku ya kwanza watakapoteleza, na neno tunalifuta."

"Ungemwandikia Torgeir ungesemaje?"

"Mlo wa saa sita. Au mlo wa jua, kama ningeweza kuamka." Kisha Rigmor aliuona uso wa Kamma ukifika mahali ambapo wa kwake ulikuwa umetangulia. "Mungu wangu. Barua inasema frokost. Na hukuniuliza."

"Mimi ni Mdenishi. Nililisoma nikaona chakula cha mchana, nikapita."

"Nami vilevile," Kamma alisema taratibu. "Umenisomea mara tatu. Nimekuwa nikiangalia lile birika."

Rigmor aliyapanga akiwa ndani ya gari, njiani kwenda hospitali. Kama Kamma angeiandika barua ile, angeivunja sheria yake mwenyewe, tena kwa Mnorwei, mtu wa aina ile ile iliyofanya sheria iwekwe. Na hata angeteleza, yeye Mdenishi angemngoja mgeni saa sita, na samaki mezani. Torgeir alifika saa mbili kwa sababu ni Mnorwei, alisoma frokost akaelewa asubuhi. Hilo halikuwa ajabu. La ajabu ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyeelewa hivyo hivyo. Mtu aliyechemsha mayai, akayavisha vikofia, akangoja saa mbili. Aliyeandika na aliyengoja alikuwa mmoja, na alikuwa Mnorwei. Alikuwa msomaji wa Sofa, maana alijua jina la Birika na chungu cha buluu, lakini hakuwahi kuketi humo. Angekuwa ameketi, angejua.

Kampuni ya feri ingeweza kumwambia nani alivuka juzi. Aliwapigia. Sauti iliyorekodiwa ilimtakia Pentekoste njema na kumwomba apige kesho. Kesho Kamma angekuwa ameshalala rumande, na mji mdogo ukishajua mtu amelala rumande haujali ameamkia wapi.

Oddny Haugland alikuwa kwenye mkahawa wa hospitali, chini, karibu na dirisha. Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea huko Arendal, mwanamke mnene kidogo, safi, sweta lake limefungwa vifungo vyote. Jana Rigmor alimpigia simu kumpa habari, na jioni akatokea. Kila mtu alimwonea huruma. Mume amevuka bahari kwa siri kwenda kwa mwanamke mwingine, na mke yuko hapa anangoja afumbue macho.

"Naweza kukaa nawe?"

"Kaa, dada." Kila mmoja aliongea lugha ya kwao, na waliwasiliana bila shida. "Yule mama mmemfunga?"

"Saa nane anaenda kwa hakimu."

"Vizuri."

Rigmor alinunua kahawa mbili. Hakutoa daftari. Aliuliza habari za Arendal, Oddny akasema mvua. Aliuliza habari za wajukuu, akasema hawana. Wakazungumza bei ya siagi pande zote mbili za bahari, na jinsi watoto wa siku hizi wasivyotaka kula samaki. Yalikuwa mazungumzo ya kupoteza muda, matamu, na Oddny alilegea ndani yake kama mtu aliyevua viatu.

"Na goti la mzee lilikuwa linamwuma alipoondoka?" Rigmor aliuliza.

"Goti?" Oddny alicheka kwa pua. "Goti lake halimwumi hata kidogo. Anapanda milima yule. Goti linamwuma kule kule kwenye mtandao wao."

"Wewe huandiki kule?"

"Mimi? Niandike nini na nani?"

"Lakini unasoma."

"Tableti ni moja, iko jikoni. Anaiacha wazi. Mtu akiacha kitu wazi jikoni kwangu nakifuta, nikikifuta nakiona." Alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Anawaambia mkate umeungua. Anawaambia ameota yuko kwenye tramu bila suruali. Watu mia wanacheka. Ndoto hiyo ameiotea kando yangu mimi, na mimi nimeisoma."

"Inaudhi."

"Haiudhi. Nimezoea."

Rigmor alinywa kidogo, akatazama dirishani. "Kitu kimoja sikielewi bado. Barua ilimwalika saa sita mchana. Kwa nini aende mapema vile, kabla hata mwenyeji hajafika?"

"Haikusema saa sita," Oddny alisema. "Ilisema frokost."

Rigmor alikiweka kikombe chini.

"Nani alikuambia?"

"Polisi. Yule aliyenipigia."

"Aliyekupigia ni mimi, Oddny. Nilikuambia mumeo ameumia na yuko hospitali gani. Barua sikuitaja, na hatujaitangaza kwa mtu."

Oddny alikiweka kijiko kwenye kisahani kwa uangalifu mkubwa.

"Kuanzia hapa si lazima unijibu," Rigmor aliendelea. "Unaweza kutaka wakili, na nitakutafutia, hata leo sikukuu. Kesho kampuni ya feri itaniambia ulivuka lini. Simu ya mkononi haisemi mtu yuko nchi gani, nami nilipokupigia nilidhani uko Arendal. Nadhani ulikuwa kilomita chache tu kutoka hapa."

"Kwenye gari," Oddny alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye gari bandarini. Nilikuwa sijui niende wapi."

"Unataka wakili?"

"Wa nini? Wakili ataniuliza kwa nini, na nikimweleza ataniona mwehu." Alimtazama Rigmor usoni, macho makavu. "Zingekuwa barua za mapenzi ningesamehe. Naapa. Mwanamume akiandika mapenzi ni homa, inapita. Lakini yule alikuwa anamwambia mvua. Kila asubuhi. Ananipa mgongo, kikombe mkononi, anamwambia mwanamke wa Denmaki kwamba kuna mvua, na mimi niko nyuma yake naitazama mvua hiyo hiyo. Nikimwuliza jambo anasema mm. Kwangu alibakiza mm."

"Ulimwandikia ukijifanya Kamma."

"Nimemsoma miaka sita. Ningeweza kumwandika usingizini. Hizi lugha zetu ukibadilisha herufi mbili tatu umevuka mpaka." Alikunja leso ya karatasi mara mbili. "Sikwenda kumpiga. Nataka ujue hilo. Nilitaka tu aingie anikute. Meza ya nyumbani, mayai ya nyumbani, mimi. Nione uso wake, kisha turudi zetu na asiandike tena. Hilo tu."

"Ikawaje?"

"Alikuja. Wewe unaelewa maana yake? Nyumbani namwita mezani mara tatu, nne, mayai yanapoa. Kwa yule aliamka usiku, akapanda feri, akatembea mchangani, na saa mbili kamili yuko mlangoni. Anapiga mluzi." Oddny alilitamka neno hilo kama tusi. "Sijawahi kumsikia akipiga mluzi mlangoni kwangu. Akaingia, akaniona mimi, mkewe. Hakushtuka, hakuona haya. Alitazama nyuma yangu, akasema, 'Kamma yuko wapi?'"

Rigmor aliinamia meza amsikie vizuri.

"Kikaango kilikuwa jikoni hapo," Oddny alisema. "Alikuwa amegeuka kumtafuta chumba cha pili."

Waswahili wana msemo kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mwanamke huyu hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa ameula wivu wake kimya kimya jikoni kwake, siku baada ya siku, ukamnenepesha. Rigmor hakumwonea hasira. Alimwonea hasira mtu aliyelala ghorofa ya tatu, na hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Alitoa simu. "Fjeldsted, mtoe Kamma. Ndiyo, sasa hivi. La, si la kushikika tu, lipo hapa mbele yangu limekaa." Alisikiliza kidogo. "Furahia keki," akasema, akakata.

"Mnamwachia?" Oddny aliuliza.

"Hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu," Oddny alikubali, na chuki katika sauti yake haikupungua hata kidogo. "Ataandika leo leo. Utaona. Atawaeleza chakula cha polisi."

Rigmor alisimama akamshikia koti. Oddny alikuwa ameshapitisha mkono mmoja alipofika muuguzi kijana mwenye viatu vyeupe, akihema kwa kushuka ngazi. Alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

"Mama Haugland? Nimekutafuta kila mahali. Ameamka. Amechoka, hakumbuki kitu tangu aingie kwenye feri, lakini anazungumza."

Oddny alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. "Amesema nini?"

Rigmor aliona jinsi alivyojikaza, kama mtu anayesubiri sindano. Jina lililokuwa linakuja wote wawili walikuwa wanalijua.

"Anakuuliza wewe," muuguzi alisema. "Nimemwambia mke wako yuko chini tangu jana. Akauliza, ameshakula?"

Watoto wa meza ya pili walikuwa wanagombania juisi. Oddny alimtazama Rigmor, na kwa mara ya kwanza macho yake yalijaa maji.

"Naweza kupanda? Dakika moja tu."

"Hapana, Oddny."

Hakubisha. Alipitisha mkono wa pili kwenye koti, akafunga vifungo, cha chini mpaka cha juu, akakosea kimoja akaanza upya. Muuguzi aliwatazama wote wawili, tabasamu likimpotea polepole, bado hajui akajibu nini ghorofani.

"Mwambie ndiyo," Oddny alisema. "Mwambie mkewe ameshakula."

Kisha akatangulia mwenyewe kuelekea mlangoni, na Rigmor akamfuata na mkoba wake aliousahau kitini.